Picha za Viatu

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa la wanaume tunaopenda wanaume, na hakuna aliyethubutu kuweka picha ya uso wake. Kwa hiyo nilipoanza kuwahimiza wapime VVU, niliwaambia kila atakayepima atume picha ya viatu vyake akiwa kwenye benchi la kituo cha afya, hapa Kibondo. Viatu tu.

Nilianza mimi, na raba zangu zenye vumbi jekundu. Wiki ileile zikaja kandambili, kisha mokasini za mwalimu aliyepanda basi kutoka Kasulu ili majirani wasimwone, halafu mabuti ya jamaa aliyetoka moja kwa moja shambani, Gwarama. Huyo tulimtumia makofi siku nzima.

Wengine waligoma. "Sindano siogopi," mmoja aliandika. "Namwogopa yule nesi anayepima."

Nilikasirika, kwa sababu hata mimi nilimwogopa. Ni mama asiyecheka na mtu.

Miezi michache baadaye nilirudi kupima tena. Nesi yuleyule alinipa majibu, sina maambukizi, nami kwa furaha nikaelekeza simu kwenye raba zangu.

"Nyie vijana wa kupiga picha miguu," akasema, "mnadhani sijui ni akina nani?"

Nikaishusha simu haraka. Akavuta kiti, akaweka kiatu chake cheupe kando ya raba yangu.

"Haya, piga. Na hao waliobaki waambie nipo mpaka saa kumi."