Sala ya Utingo

Mwaka ule sabuni ilikuwa imeanza kurudi madukani Same, ila pesa ya kuinunulia nayo ilikuwa imeshaondoka. Mke wangu alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imetutoka, na hii ya pili niliichunga kuliko Mmasai anavyochunga ndama. Ungedhani mwenye tumbo ni mimi. Nilikonda mpaka mkanda ukaomba tundu jipya kila Jumapili.

Kilichonimaliza zaidi ni elimu. Nilisoma masomo ya jioni kule mjini, na tulipofika mada ya uzazi mwalimu akaanza na matatizo. Tukayamaliza yote. Kabla hatujafika kwenye tiba, mafuta ya taa yakaadimika, karabai ikazimika, darasa likafungwa. Basi nikapanda mlima kurudi kijijini kwetu Mhezi nikiwa mtaalamu wa kila kinachoweza kumuua mzazi, na sijui hata kimoja kinachomponya.

Siku uchungu ulipoanza, mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa bondeni alikuwa amepandisha pikapu yake kununua ndizi. Akashusha ndizi, akampakia mke wangu. Mama yangu naye akapanda na kikapu: wembe, pamba, glavu, nyuzi na chupa ya mafuta ya taa. Hospitali siku zile ulikwenda na vyako vyote, kasoro daktari tu. Nami nikainua mguu nipande.

"Wewe unakwenda wapi?" Mama akaniuliza.

"Hospitali, mama."

"Kwa kutetemeka huko? Watakulaza wewe kwanza. Baki nyumbani usali."

"Inshallah tutafika salama, kaka," akasema mwenye gari, akaachia breki.

Nikabaki. Jioni mvua ikaanza, mvua ya kumfanya Nuhu achungulie dirishani, ikanyesha na kesho yake kutwa. Nilisali mpaka sakafu ya udongo ikaingia mashimo mawili ya magoti. Lakini kila nikisema amina, hofu ilikuwa palepale kifuani, imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Neno linalosema tumtwike Mungu fadhaa zetu nililijua kwa moyo. Namtwika kweli, kisha kabla hajapiga hatua namkimbilia: ngoja kidogo, Bwana, hebu nikague mzigo wangu.

Mvua ilipokatika nikaamua kushuka kwa miguu. Nikafika kona iliyo chini ya kanisa, ile ambayo dereva akiikata anasoma namba za nyuma za gari lake mwenyewe, nikakuta kona haipo. Mlima umeketi barabarani: udongo, mawe, mkaratusi mzima na mizizi yake. Tope lilinifika kiunoni nikarudi. Baragumu lilikuwa limeshalia kuita msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na kila nyumba ilikuwa imetoa mtu na jembe lake. Mbele yao amesimama shangazi yangu, mzee wa kanisa, mwanamke ambaye siku baragumu likipasuka tutamtumia yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefika vizuri. Tufungulie kazi kwa sala, wewe mwenye shida."

Nikafumba macho. "Ee Bwana, mke wangu yuko kule chini. Muuguzi wa zamu asiwe yule mkali. Mama asisahau glavu, ziko chini ya kanga. Mtoto atangulize kichwa, Bwana, si miguu, wala kitovu kisimzunguke shingoni. Na gari likipanda, dereva asije na gia ya tatu, na pale darajani..."

"Amina!" shangazi akanikata.

"Amina!" kijiji kikaitikia, kwa nguvu ya watu waliookolewa.

"Hivi wewe baba," akasema, "unamwomba Mungu, au unamwelekeza kama utingo anayerudisha lori nyuma? Kata kulia, kata kushoto! Unadhani Yeye barabara haijui?"

Watu wakacheka mpaka majembe yakawa mikongojo. Nikacheka na mimi, na machozi yakatoka palepale kwenye kicheko, sikuyazuia. Shangazi akanitazama kidogo, akashusha sauti, jambo ambalo sikujua analiweza.

"Bwana, mama yule na mwanawe wako mikononi mwako. Udongo huu uko mikononi mwetu. Amina."

Kisha akanisukumia sepetu. "Haya. Chake mwachie. Hiki ndicho chako."

Sitaki kudanganya, ingawa najulikana kwa kuongeza chumvi. Sikuahidiwa kwamba watarudi. Mimba ya kwanza nayo tuliiombea. Na hofu haikuondoka. Ilinifuata pale pale nilipoinama, ikaninong'oneza: kitovu. Nikaijibu: mikononi mwake. Nikatupa sepetu moja la udongo bondeni. Ikasema: damu. Mikononi mwake. Nikatupa lingine. Mahali fulani kati ya mkaratusi ule na jiwe lililotushinda watu wazima kumi na wawili, au tuseme watano, niliona mabega yangu yameshuka na ninavuta pumzi hadi chini. Nilijua kwamba hata likija baya, litanikuta nimeshikwa.

Makande yakaletwa, nikala. Tukarudi kazini.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili tuliposikia injini. Sepetu likaniponyoka. Pikapu ikatokea chini ya kona, Mama kakaa mbele na furushi la kitenge, na mke wangu katikati, kachoka, kamezwa na sweta la mtumba. Gari likafika kwenye kipande chetu kipya, likayumba, tairi likaanza kuchimba. Nikaruka mbele, mikono juu:

"Kata kulia! Kulia! Rudi kidogo!"

"Mwachie dereva!" shangazi akanguruma, na kijiji kizima kikaangua kicheko huku kikisukuma.

Likapita. Mama akateremka, akaniwekea furushi mikononi mwangu mwenye tope. Msichana, amekunja uso kama ananikagua yeye. Nilimkumbatia bila kumuuliza Mungu swali lolote.

"Najua hujala tangu tuondoke," mke wangu akasema, sauti imekauka.

"Nimekula."

"Sahani mbili," shangazi akadakia. "Akaomba na ukoko."

Mke wangu akanitazama muda mrefu, kama mtu asiyejua afurahi au anune. Kisha akasogea, akanipa nafasi pale mbele, tukapanda nyumbani.