Kwikwi za Badibanga

Joyeuse alikuwa na wivu hata wa redio. Mtangazaji mwanamke akianza kusoma habari, yeye anaizima. Majirani wa mtaa wao wa Dilala, mjini Kolwezi, walimcheka, naye hakujali. Badibanga, fundi umeme wa kampuni ya madini, alikuwa mume wake peke yake, basi!

Zamani kampuni ikiwa bado na nguvu, ilimpeleka Badibanga Ulaya akawekewa mashine ya kuusaidia moyo. Ilikaa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake uliingia mpaka moyoni, ukakazwa humo kwa skrubu ndogo. Joyeuse alimwonea wivu hata nesi aliyemfunga bendeji huko.

Kisha nchi ikaharibika. Mwaka 1993 watu wenye asili ya jimbo la Kasai walifukuzwa Katanga, hata waliozaliwa hukuhuku Kolwezi kama Badibanga, wakarundikana stesheni kungoja treni. Joyeuse, Mkatanga mwenyeji, hakufukuzwa na mtu. Aliapa kumfuata mumewe, ndugu zake wakanuna.

Pale stesheni kwikwi zikaanza. Badibanga akilala ubavu wa kushoto, mgongo kwa mkewe, zilimjia mfululizo. Na kwa akina Joyeuse, mwenye kwikwi kuna anayemtaja. Huko Mwene-Ditu, treni iendako, aliishi mwanamke ambaye ukoo ulimchagulia Badibanga kabla ya Joyeuse.

"Anakuita sana, ule wako," alisema Joyeuse.

"Mama, hakuna mutu! Mi sijue hii kitu inatoka wapi."

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya kwako ni kwikwi. Enda kwake. Mi nabakia."

Treni ilipoingia, Joyeuse alijifunga kitenge, akabeba sufuria yake, akageuka kurudi nyumbani. Badibanga aliinuka kumzuia, akaanguka.

Daktari Mukalay, aliyekuwa akitibu watu pale, alimshika mkono, kiganja kingine akakiweka chini ya mbavu. Kila mashine ilipopiga, kwikwi ilitoka.

"Skrubu imetoboa moyo," alisema. "Waya umetokeza nje, unauchokoza musuli wa kupumulia, hausaidie tena moyo. Lazima bamupasue, baurudishe."

"Wapi, daktari?" aliuliza Joyeuse, aliyekuwa amerudi mbio.

"Hapa hakuna tena mwenye kuiweza hiyo kazi. Labda kule mbele."

Joyeuse alipanda behewa pamoja naye, akakilaza kichwa cha mumewe mapajani mwake. Kwikwi hazikukoma, naye akalia bila kuficha uso.

"Heri ingekuwa mwanamuke, baba," alisema. "Mwanamuke, ningemufukuza."