Pikipiki ya Manju Masanja

Mwanangu, naikumbuka asubuhi moja ambayo baba mkubwa Masanja alipanda pikipiki niliyomtengenezea, kisha akashindwa kushuka. Nilicheka. Nacheka hata sasa, ingawa siku ile nilinyamazishwa upesi.

Nimeziona picha ulizonitumia kwenye simu. Mzee huyo mteja wako hapo Ilemela ana pikipiki kubwa ya zamani, ya kukaa umeegemea, na anataka uigeuze iwe nyepesi na ya mwendo. Nawe umeniwekea na picha za pikipiki za vijana unazotaka kuziiga. Kabla hujawasha grenda, nisikilize kidogo. Najua mna haraka nyie, lakini chuma kikishakatwa hakirudi.

Baba mkubwa alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi letu la ngoma. Wewe umekulia mjini, pengine mashindano yetu ya baada ya mavuno huyajui. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, hili huku na lile kule, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Hakuna mwamuzi. Watu wakikuchoka wanakupa mgongo, wanaondoka mbele ya macho yako. Mwaka uliotangulia wapinzani wetu walileta mtu anayecheza na chatu shingoni, sisi tukabaki tunaimbiana wenyewe. Vijana wa kundi wakaanza kunong'ona kwamba mzee akishindwa tena, umanju apewe mwingine. Maneno yalimfikia. Hata ugali ulikuwa haumshuki.

Sasa, pikipiki aliyokuwa nayo aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Usukani mpana umepanda juu, kiti kama kochi, miguu unainyoosha mbele, mabegi ya ngozi huku na huku. Akiipanda alionekana chifu kabisa, lakini kuigeuza kulitaka nafasi ya lori. Mimi nilikuwa fundi kwenye gereji moja pale Nyamagana, msichana peke yangu kati ya wanaume, na mdomo nilikuwa nao. Nikaenda nyumbani kwake, nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema, maana hujaja bure."

Nikamwambia wale wana chatu, sisi tuwe na manju anayeimba huku pikipiki inaizunguka ngoma. Nikamwomba niipunguze uzito, niifundishe kukata kona. Nilitegemea ataniacha niiendeshe mimi. Akafikiri, akasema, "Ipunguze. Lakini nitaipanda mwenyewe."

Nikafanya kazi, mwanangu, nikafanya kazi kweli. Nilitoa mabegi na vyuma vyote vya urembo, nikafupisha madigadi, nikaweka shokapu ndefu nyuma hadi mkia ukainuka. Usukani niliushusha chini kabisa. Vikanyagio nilivirudisha nyuma, na breki na gia zikavifuata huko. Niliipeleka Butimba na kurudi nimeilalia kifua kwenye tangi, watu wananigeukia. Nilijiona nimemaliza dunia.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Baba mkubwa alipanda, akainama kuutafuta usukani, magoti yakamkwama, na mgongo ukakataa kunyooka. Tulimshusha wawili. Nilipocheka, alinitazama kwanza, kisha akaongea taratibu.

"Hii umeipima kwa mgongo wako. Wangu uliuuliza?"

Nikaona aibu. Haraka haraka nikasema nitamrudishia kiti chake kipana na usukani wake wa juu, apumzike. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Nani kakuomba kochi? Nataka kwenda kasi. Ila niende mimi, Masanja, na magoti yangu haya."

Basi nikamkalisha juu ya pikipiki imesimama kwenye stendi, nikampima kama fundi cherehani. Mikono yake ilikofika bila kuvuta bega, hapo nikafunga usukani ulionyooka. Vikanyagio nikavisogeza mbele kidogo, magoti yakapata pa kukaa. Kiti kikabaki chembamba, mkia ukabaki juu, maana hivyo havikumuumiza, na mwenyewe alivipenda. Nikabadilisha meno ya cheni ya nyuma ili iondoke kwa nguvu bila kukimbia ovyo. Akaizungusha uani, kuku wakatawanyika, akatabasamu.

Siku ya mashindano chatu alikuwepo, na watu walikuwa kwake. Baba mkubwa akaingia akiimba. Alikata kona akiizunguka ngoma yetu, akaegemea upande mmoja hadi nikashika kichwa, akasimama juu ya vikanyagio, akawataja wapinzani kwa majina kwenye wimbo wake na kuwatania. Niliona mgongo mmoja ukigeuka kule. Kisha wakaja, mwanangu, wakaja kwa mbio, akina mama na watoto migongoni, vumbi limetanda. Mwisho hata mwenye chatu alikuja kutazama, na chatu wake shingoni. Nililia kwa furaha bila kujificha. Hakuna aliyenong'ona tena habari ya manju mwingine. Umanju aliuacha mwenyewe, kwa hiari yake, baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo nasema hivi. Zile picha nzuri za pikipiki za vijana zifunge kwanza. Mwite huyo mzee wako, mkalishe, mpime mikono na magoti. Usimtengenezee pikipiki yako ukamtwika yeye. Na usimpe kochi kwa kumhurumia, kama hajakuomba kochi. Amekuambia anataka mwendo. Mpe mwendo wake.

Mungu aibariki mikono yako na akulinde macho na cheche. Akupe wateja wa kweli na usingizi mtamu. Nawe ukizeeka, mwanangu, akukutanishe na fundi atakayekuuliza unataka kwenda kasi gani.