Sahani ya Bukuru

Kijijini kwetu Burundi, ng'ambo ya mpaka kutoka Nyabibuye ya Tanzania, watu walisema pacha hawauawi vitani mradi wasiwe nchi moja. Eti roho yao ni moja, na kifo hakikubali kubeba nusu. Leo ninauza maharage Kasulu na nina cheti cha shule ya jioni, lakini wakati ule niliuamini uvumi huo kuliko nilivyoamini kwamba kesho jua litachomoza. Ungeletwa kwenye mtihani, ningedai alama zote na za jirani.

Mimi ni Butoyi, yaani pacha mdogo. Mkubwa ni Bukuru. Siku ile tulikuwa uani tunapura maharage, tukibishana nani alikula zaidi kwenye harusi ya jirani. Yeye alidai sinia zima. Mimi nilidai sinia, sufuria na nusu ya mpishi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha kilima cha pili kikaanza kutoa moshi.

Milio ya risasi ikasogea. Mama alituangalia mmoja mmoja, kama mtu anayegawa chakula.

"Butoyi, vuka Tanzania. Bukuru atabaki tumbebe bibi. Mkiwa huku na kule hawatawamaliza."

Nilivuka mto wa mpakani. Maji yalifika kifuani. Sikugeuka.

Mama alinifuata baadaye, peke yake. Bibi alikuwa amefia njiani, na Bukuru alibaki nyuma kumfukia. Alimwambia mama atatukuta vita vikitulia.

Kambini Kibondo, mama aliendelea kupakua sahani mbili, maana kwetu pacha mmoja hapewi kitu bila mwenzake kupewa. Ya Bukuru nilikula mimi, nikiamini inamfikia kulekule aliko. Nilikula kwa bidii ya kikosi kizima. Jirani yetu Mkongo, aliyehamia kutoka kambi ya Nyarugusu, alinitania, "Ndugu, weye uko na tumbo mbili?"

Nilicheka, ila kulikuwa na jambo. Kila nilipomaliza sahani ya pili nilibaki na njaa, na meno yalisaga udongo. Nilikuwa najua ladha yake. Ulikuwa wa shambani kwetu. Nikitema, mate yalitoka meupe, bila chembe ya udongo.

Mchana mmoja, kwenye foleni ya pampu ya maji, mwanamke nisiyemjua alisimama mbele yangu. Hakunitazama mimi. Alitazama pembeni ya bega langu, pasipo na mtu, akasalimu polepole kwa Kirundi, "Amahoro, Bukuru." Kisha akaniona, akaomba radhi, akaondoka haraka bila kuchota maji.

Pampu ile ilitunzwa na fundi mmoja Myahudi, mtu mzima, mwenye Kiswahili cha kujifunza. Nikamsimulia. Akaniambia walimu wa dini yake hufundisha kwamba roho zote zilikuwa roho moja ndani ya Adamu, na kwa siri bado ni moja. Miili tu ndiyo inayotutenga. Basi nikarudi kwa mama nikitembea kama askofu. Nilimwambia Bukuru yuko hai, hata Wayahudi wanajua.

Hatimaye akafika mtu wa kilima chetu. Alisema alimzika Bukuru kwa mikono yake, kando ya bibi. Wauaji walimkuta siku ileile aliyomfukia bibi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Jioni akapakua sahani mbili.

Kwetu mama halii pacha mmoja akifa, machozi yasije yakamvuta aliyebaki. Alikuwa ananilinda mimi. Lakini alianza kukauka. Aliacha kusema, akaacha kulala, na chakula alichopakua yeye mwenyewe hakukigusa.

Nilimwendea fundi, nikamweleza yote, hata kwa nini mama halii, anipe hoja ya kumkanusha yule mtu. Aliweka spana chini, akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu.

"Roho kuwa moja hakumzuii mtu kufa, Butoyi. Maana yake ni kwamba akifa mmoja, sote tumepungukiwa. Kaka yako amekufa, na machozi ya mama yako hayatakuua. Nenda ukamwambie alie."