Mstari wa Tisa katika Barua ya Septemba

Lorette Dumond hafungui bahasha kabla ya kuiinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha, hata ile ya kampuni ya umeme. Nilimwona akifanya hivyo nikiwa na miaka sita, nilipopelekwa ofisini kwake pua ikinivuja damu, na namwona hadi leo, ambapo mimi mwenyewe nafundisha darasa la kwanza hadi la tatu katika shule ile ile. Yeye ni karani wetu. Amefanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, chini ya walimu wakuu sita, na hakuna hata mmoja ambaye Lorette alimwamini kabla hajatimiza mwaka wa tatu.

Anajua mwandiko wa kila mzazi wa kijiji chetu, Petit-Ruisseau. Mtoto akileta kikaratasi cha ruhusa, Lorette hukishika mbali na macho, kisha karibu.

"Baba yako ndiye aliyeandika hivi?"

"Ndiyo, Bi Lorette."

"Baba yako huweka mkia kwenye herufi ya mwisho. Mkia uko wapi?"

Mtoto hulia, Lorette humpa biskuti, halafu hupiga simu nyumbani vilevile.

Kuna kisa chake ambacho watu hawajakisahau. Miaka minane iliyopita familia moja iliyohamia ng'ambo ya kilima, nje ya eneo letu, iliwaandikisha watoto wake wawili kwa anwani ya shangazi yao. Nyumba ya shangazi iko hatua mia mbili kutoka lango la shule. Lorette aliona kwamba watoto hao huletwa na gari kila asubuhi, na kwamba theluji juu ya boneti huwa imeyeyuka yote. Gari lililotembea hatua mia mbili haliyeyushi theluji. Akampigia mama yao simu, akamwambia kwa sauti laini alete tu karatasi ya makazi, hakuna shida yoyote. Mama akaja na maelezo badala ya karatasi. Ijumaa ile watoto wakaondolewa. "Sheria ni sheria," Lorette alisema. Yule mama hajamsalimia tena kanisani.

Nimeeleza hayo ili ieleweke kilichompata mwaka jana.

Kila Septemba, kabla shule haijafungwa kwa wiki tatu za kuvuna viazi, Lorette huandika barua ya kwenda kwa familia. Ina mambo manane, na hayajawahi kuwa saba wala tisa. Tarehe za mapumziko ya mavuno. Wanaokwenda mashambani wavae viatu vizito. Msimu wa kuwinda ukianza, kila anayesubiri basi avae kitu cha rangi ya machungwa. Jina liandikwe kwenye glavu, zote mbili. Chawa. Siku ya picha. Chakula cha jioni cha pamoja ukumbini, kila nyumba ilete sufuria. Na la nane: kata kipande cha chini, weka sahihi, mtoto akirudishe.

Mwaka jana barua ilitoka na mambo tisa. Nilimkuta Lorette amesimama nayo mkononi, koti bado mwilini.

"Binti wa Alcide. Njoo. Funga mlango."

Nikafunga. Mimi ni Mireille, nina shahada, lakini kwake nitabaki binti wa Alcide.

"Soma hapa."

Nikasoma kwa sauti: kila familia ilete karatasi inayothibitisha makazi ya mtoto kabla ya Jumatatu ya kufungua shule.

"Nani ameongeza hii?"

"Mwalimu mkuu. Alinipa nitoe nakala jana mchana. Wewe ulikuwa kwa daktari wa meno."

"Kwa hiyo alisubiri nitoke."

"Sidhani alisubiri, Bi Lorette."

"Jino langu lilijulikana tangu Agosti. Liko kwenye kalenda, pale, kwa kalamu nyekundu. Alisubiri." Akanitazama. "Na wewe ukabonyeza kitufe."

Mwalimu mkuu, Bwana Haskell, alikuwa katika mwaka wake wa pili, mtu wa kuja kutoka kusini mwa jimbo, mpole, mwenye tabia ya kuficha habari mbaya akidhani anawaonea watu huruma. Lakini hofu ya Lorette haikuanzia kwake. Ilianzia kwa Elodie.

Elodie ni mjukuu wake, miaka sita, mwanafunzi wangu. Mama yake aliondoka, hakurudi. Baba yake, Dany, huendesha lori la magogo na anaishi mjini, maili arobaini kutoka kwetu. Jumapili jioni humleta mtoto kwa bibi yake, Ijumaa humchukua. Kwa sheria zetu mtoto husoma pale anapoishi mzazi wake, isipokuwa mzazi awe ametia sahihi hati ya kumkabidhi kwa mtu mwingine. Hati hiyo haikuwepo. Lorette alikuwa amemwandikisha kwa anwani yake mwenyewe na kukiruka kisanduku cha hati hiyo kwenye fomu kama vile hakipo.

Siku mbili alichunguza watu wote. Alimuuliza Bernadine wa jikoni kwa nini alimpa Elodie supu mara mbili, kana kwamba anamuaga. Alimuuliza dereva wa basi nani amemuuliza nini. Mimi alinihoji kwenye chumba cha mafagio.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia mtu."

"Lakini ulijua."

"Bi Lorette, kijiji kizima kinajua. Mtoto anakuja na wewe kila asubuhi ana unga wa zile chapati zako za ployes kwenye kidevu."

"Aha," alisema. "Kijiji kizima."

Ijumaa kabla ya mapumziko alifungua rejista na kuandika kwa penseli, mbele ya jina la Elodie, "amehama". Hakumwambia mwalimu mkuu. Alisema baadaye kwamba afadhali amtoe mwenyewe kuliko mtoto kuitwa mbele ya darasa. Jioni ile Elodie akaenda kwa baba yake na begi lake lote, akilia kwamba hajaniaga.

Mashine ya kuvunia viazi ya akina Levasseur huhitaji watu sita wa kusimama kwenye mkanda na kutoa mawe, udongo na viazi vilivyooza. Shule ikifungwa kwa mavuno hakuna anayekaa nyumbani, na walimu hawana cheo kule. Wiki ya pili tulipangwa mashine moja: mimi na Lorette upande huu, Bwana Haskell upande ule, na akina Levasseur watatu. Injini inanguruma, kwa hiyo jambo la siri haliwezekani. Husemi neno bila kupiga kelele, na kila mtu anasikia.

Lorette hakuwa amemsemesha mwalimu mkuu tangu asubuhi. Bwana Haskell ndiye aliyeanza.

"Bi Lorette! Jumatatu ya kufungua mtu wa ofisi ya wilaya anakuja kutuhesabu!"

"Kutuhesabu nini?"

"Watoto! Tukiwa chini ya thelathini wanafunga shule Juni, watoto wote wanapandishwa basi la mjini! Sikutaka kuwatisha watu wakati wa mavuno!"

Mmoja wa akina Levasseur aligeuka akamtazama. Bwana Haskell aliendelea kurusha mawe.

"Tuko thelathini! Kamili! Lakini asiye na karatasi ya makazi hahesabiwi! Zote nimepata, imebaki moja tu! Ya kwenu!"

Lorette aliacha jiwe likapita, kubwa kama kichwa cha paka. Likaenda hadi ndani ya lori pamoja na viazi. Kwa kawaida jiwe kama hilo humharibia siku.

Wakati wa chakula alinivuta nyuma ya gurudumu la trekta.

"Umesikia? 'Ya kwenu.' Mbele ya watu. Ananitega."

"Anataka kumhesabu Elodie, hataki kumtoa."

"Mimi nilimwambiaje yule mama wa ng'ambo ya kilima? Lete tu karatasi, hakuna shida. Kwa sauti ile ile! Nilijua hana karatasi. Ndiyo maana niliuliza hivyo."

Nilifundishwa chuoni jinsi ya kuzungumza na mzazi mwenye wasiwasi, lakini hakuna aliyenifundisha kuzungumza na mtu anayejiogopa mwenyewe ndani ya mtu mwingine. Hapo ndipo aliponiambia habari ya penseli.

"Kwa hiyo tuko ishirini na tisa," nilisema.

"Kama anasema kweli."

"Na kama anasema kweli?"

Alifunika chupa yake ya chai akarudi kwenye mkanda.

Lakini hakuliacha jambo hilo bila kulipima. Kesho yake, mvua ilipotuzuia kwenda shambani, alinikalisha jikoni kwake niwe shahidi, akabana pua kwa vidole viwili, akapiga simu ofisi ya wilaya. Akajitambulisha kama mzazi wa mbali anayetaka kuhamia Petit-Ruisseau. Je, ni kweli shule inahesabiwa? Je, idadi ni ngapi? Je, karatasi zinatakiwa kwa sababu gani? Alijibiwa yote, sawasawa na alivyosema Bwana Haskell. Kisha nikasikia sauti ya upande wa pili, wazi kabisa: "Haya, Bi Lorette, nisalimie nyumbani."

Akaweka simu chini. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa wa kumshuku.

"Nimeifunga shule," alisema.

"Bado. Hati inahitaji sahihi ya Dany tu."

"Dany," alisema, akakaa.

Dany alikuja kwa mama yake Jumapili ya mwisho ya mapumziko, Elodie mgongoni kwake, nami nikiwa nimeitwa tena niwe shahidi. Mtoto alinirukia, akanionyesha pengo la jino, akakimbilia kwa kuku. Dany akaketi, akaivuta hati karibu. Aliisoma. Akaigeuza, akasoma nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Akaisoma tena.

"'Namkabidhi bibi yake kwa mambo yote ya shule,'" alisema. "Yote ni yapi?"

"Ya shule," Lorette alisema.

"Na mwakani yatakuwa ya nini? Nitarudi na lori siku moja nimkute wakili kwenye kiti hiki?"

"Wakili gani? Mimi mama yako!"

"Ndiyo maana nauliza. Mama, wewe uliupimisha ugonjwa wangu wa surua kwa madaktari wawili. Hutii sahihi risiti ya posta bila kumuuliza mleta barua ametoka wapi. Kwa nini mimi nitie?"

Nilitaka kusema kitu, Lorette akaniinulia mkono.

"Mwezi uliopita ulipompokea Elodie na begi lake, nilikwambia shule imejaa."

"Ulisema hivyo."

"Haikujaa. Nilimtoa mimi. Nilidhani wananiwinda, nikamtoa kabla hawajafika, na hakuna aliyekuwa anakuja. Sasa wakikosa mmoja, watoto wote watakwenda kupanda basi saa kumi na mbili asubuhi gizani. Na mmoja huyo ni wetu."

Dany aliiweka hati mezani.

"Wiki tatu amekaa na jirani mbele ya televisheni," alisema polepole. "Ananiuliza kila usiku amekosa nini. Nami nikamwambia shule imejaa. Umenifanya nimdanganye mwanangu."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Niseme nini tena, Dany? Ndiyo. Nimekosa."

Alimtazama mama yake kama mtu anayetafuta chapa ya kiwanda chini ya sahani. Kisha akaniomba kalamu. Chini ya maneno yaliyochapwa akaongeza kwa mkono wake: kuanzia Jumapili jioni hadi Ijumaa, mpaka Juni, halafu tutaongea. Akatia sahihi. Akanipa mimi niishike, hakumpa mama yake, na Lorette hakulalamika.

Jumatatu mhesabuji alifika saa tatu, mwanamke wa koti la kijivu mwenye ubao wa kushikia karatasi. Alipita darasani kwangu akihesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, na Elodie akiwa mstari wa mbele. Baadaye tukasimama ofisini: yeye, Bwana Haskell, mimi, na Lorette nyuma ya meza yake. Mwanamke alipekua karatasi moja moja mpaka akafika kwenye hati yenye maandishi ya mkono.

"Huyu Elodie Dumond. Anaishi na nani hasa?"

Bwana Haskell alifungua mdomo. Lorette akamtangulia.

"Na mimi. Mimi ni bibi yake. Jumamosi yuko kwa baba yake, maili arobaini, hati imesema. Na kabla hujaifikia rejista, utaona limefutwa neno la penseli mbele ya jina lake. Nililiandika mimi, 'amehama'. Hakuhama. Nilidhani mwalimu mkuu ananichimba. Mwalimu mkuu hakujua."

Bwana Haskell alimgeukia, rangi imempotea. "Uliandika lini?"

"Ijumaa ile. Ungenieleza kwa nini unataka karatasi, nisingeandika. Na mimi ningekuuliza badala ya kukuvizia. Tutalizungumza akiondoka huyu."

"Mimi sihitaji kujua mambo hayo yote," mhesabuji alisema.

"Utayajua hata hivyo. Sitaki uje uyasikie kwa mtu mwingine."

Mwanamke aliiangalia rejista, akaigusa ile sehemu iliyochakaa kwa kufutwa, akaitazama tena sahihi ya Dany. Akaandika thelathini, akachora mstari chini yake, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Naomba nakala," Lorette alisema.

"Itatumwa kwa posta."

"Naomba sasa, yenye muhuri. Mashine iko pale, Mireille atabonyeza kitufe."