Kinyozi Aliyepotewa na Haya

Mjini Solo hapakuwa na kinyozi mpole kama Giyarto. Kabla hajamgusa mteja kichwa alimwomba radhi, hata mteja akiwa mtoto wa kubebwa. Ndiyo maana siku alipoangua kicheko msibani mbele ya mjane, kisha akanyakua nyama kwenye sahani ya imamu, mkewe Sulastri alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba Retno, umepatwa na nini?" alimuuliza walipofika nyumbani.

"Nilikuwa na njaa," alijibu, akaendelea kulamba sukari kiganjani.

Majirani walisema kapata kimwana. Daktari wa zahanati akasema ni mawazo tu, akampa vidonge vya usingizi. Giyarto akalala kama gogo, akaamka vilevile.

Kisha ikaja asubuhi ya mzee Darsono, jirani yao. Sulastri alikuwa uani akichora batiki kwa nta ya moto aliposikia ukelele. Alipokimbilia kwenye kibanda cha kunyolea, alimkuta mzee kitini, damu inamchuruzika shingoni, na Giyarto anaendelea kunyoa huku akiimba.

"Unamkata!"

"Si umebaki upande mmoja tu?"

Sulastri akaudaka mkono wenye wembe. Jeraha lilikuwa dogo. Kilichomtisha ni macho ya mumewe: yalimtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia.

Binti yao Retno ndiye aliyewapeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa ubongo, mama mmoja aitwaye Pramesti. Giyarto alitaja tarehe, akakumbuka maneno yote aliyosomewa, akapiga hesabu bila kukosea. Sulastri akaanza kushusha pumzi. Kumbe mzima! Ndipo daktari akatoa picha ya mwanamke anayelia.

"Mzee Giyarto, huyu anajisikiaje?"

"Nywele zake zinataka kukatwa."

Daktari hakucheka. Akamgeukia Sulastri. "Na wewe mama, ukiumia, anakuonea huruma?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Nilipoungua mkono aliniruka, akaenda kutafuta keki."

Picha ya ubongo ilionyesha sehemu ya mbele imesinyaa.

"Huu ni ugonjwa," daktari akasema. "Kumbukumbu anazo bado. Kwake kilichotangulia kuondoka ni haya na huruma. Hana kiburi, wala hakuchukii. Dawa ya kumponya sina, ila nitawafundisha namna ya kuishi naye." Akachukua kalamu. "Kwao alikuwepo mwingine wa namna hii?"

Sulastri alimkumbuka mama mkwe wake, aliyefungiwa chumba cha nyuma kwa sababu ya matusi, wakamwita kichaa. Akaeleza yote, na alipoinua macho akamwona Retno amejishika kifua.

"Kwa hiyo na mimi, daktari?"

"Huenda, maana wakati mwingine hurithiwa. Si lazima. Kipimo cha damu kipo, lakini hakuna wa kukulazimisha."

"Sitaki. Bado."

Kibanda kilifungwa. Sulastri akaenda kumwomba radhi Darsono na kumweleza ugonjwa wenyewe.

"Sasa si ungesema mapema, mama?" mzee alilalama. "Mimi nikadhani ananichukia!" Tangu hapo yeye ndiye humtembeza Giyarto asubuhi, Sulastri akapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Lakini Retno akimjibu mtu kwa mkato, au akipita bila kusalimia, mkono wa mama yake husimama juu ya kitambaa, nta ikadondoka pasipotakiwa.