Kibomba Nilichomchagulia Baba

Nyumba ya wazazi wangu ilinuka tapentaini. Wengine wakikumbuka kwao hutaja moshi wa kuni au harufu ya mahindi ya kuchoma, lakini mimi nikipita mbele ya duka la rangi hapa Nakuru husimama kidogo, na pua inanirudisha kwenye landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, kwenye chumba kimoja chenye sakafu ya simiti, kitanda cha wazazi nyuma ya pazia, na mikebe ya Baba imepangwa chini ya dirisha kama vyombo vya wageni. Baba alikuwa mpaka rangi katika karakana ya reli. Yeye ndiye aliyeandika nambari ubavuni mwa mabehewa, na alikuwa na mkono mzuri, tarakimu zake zikikaa zimenyooka bila kupigiwa mstari. Alitoka Maragoli akiifuata kazi hiyo, akatuita mimi na Mama baadaye. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, kwa hiyo asiniletee mtu habari ya maneno makubwa. Naandika nilichokiona, na nilichokifanya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, kiangazi kikali. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma likaacha magadi meupe, na kila alasiri upepo uliyachota ukayamwaga mjini. Nguo zilizoanikwa zilikauka zikawa ngumu kama ubao. Tulikula vumbi hilo ndani ya uji. Zilikuwa pia siku za Hali ya Hatari, na watu wazima waliongea chini chini, mlango ukigongwa wakanyamaza. Sisi watoto tulijifunza kukaa kimya na kutazama. Nadhani huko ndiko nilikopata macho yangu.

Msimu huo, mkubwa wa karakana alitaka treni ndogo ya kuweka kwenye banda la reli siku ya maonyesho ya wakulima. Seremala wa karakana, Ochieng', mtu mrefu mwenye mdomo usiopumzika, aliichonga kwa mbao na vipande vya bati. Sijaona tena kitu kama kile. Injini ilikuwa na urefu wa mkono wangu, na nyuma yake mabehewa mawili yenye madirisha, vishikio vya milango, hata vichwa vya misumari vilivyojitokeza vidogo kama mbegu za wimbi. Kilichobaki kilikuwa rangi tu, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Brashi iliacha mistari ya manyoya. Ile bunduki kubwa ya kupigia mabehewa rangi ingeizamisha yote, usione dirisha wala msumari. Mkubwa akasema basi treni ipelekwe Nairobi, huko kuna watu wa kazi hizo. Baba akasimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Treni hii itapakwa Nakuru, na nitaipaka mimi." Akapewa hadi mwisho wa mwezi.

Jioni hiyo Ochieng' alipita mlangoni kwetu akicheka. "Fundi, nimesikia umejitolea. Sasa utaipaka na nini? Na unyoya wa kuku?"

"Wewe chonga mbao, Jaluo," Baba akamjibu. "Mambo ya rangi niachie mwenyewe."

Lakini hakula vizuri. Mama aliona, na mimi niliona.

Mtu aliyekuwa na dawa ya shida ile alikuwa Bwana Kanji, Mhindi mpiga picha aliyekuwa na studio karibu na soko. Alikuwa anafunga kazi ahamie Kampala kwa kaka yake. Miaka ya nyuma Baba alimwandikia kibao cha studio, na kibao hicho kilimpendeza mpaka alikuwa amekifungasha aondoke nacho. Baba alipomweleza habari ya treni, alitoa vibomba viwili vya kupulizia rangi, vidogo vya kushikwa kama kalamu. Alivitumia kurekebisha picha. Siku hizi vijana wanaviita eabrashi, yeye alisema "kalamu ya upepo." Akasema, "Wewe chukua moja, zawadi ya kibao. Moja mimi nabaki nayo. Chagua."

Mimi nilikuwa nimeshika shati la Baba kwa nyuma. Kabla hajaviweka mezani, Bwana Kanji alikuwa anamalizia picha ya bibi harusi, anamfuta kovu la shavuni, na nilitazama kidole chake. Alishika kibomba chepesi, kile kilichochakaa, ambacho rangi yake ya fedha ilikuwa imeshatoka pale kidole gumba kinapokaa. Alibonyeza, kisha akakivuta kidole nyuma kidogo, polepole, kama mtu anayemvuta ng'ombe asimshtue. Kovu likapotea na shavu likabaki shavu.

Sasa mjue jinsi watu wetu walivyochagua chombo. Ukienda kununua jembe, unalipima mkononi kwanza. Likiwa zito, vizuri. Kisha unaligonga kwa jiwe usikilize. Likilia kwa sauti ndefu, hilo ni chuma, libebe uende nalo nyumbani. Baba alimwona babu akifanya hivyo, na babu alimwona baba yake. Basi akavichukua vile vibomba, kimoja mkono huu, kingine mkono ule, akapima. Akavigonga kwa ukucha, akaweka sikio. Kizito kililia vizuri na kilikuwa kinang'aa, kama hakijawahi kutumika. Nikamvuta shati. "Baba, anachotumia ni kile chepesi."

"Nyamaza, Rasoa. Watu wazima wanachagua."

Bwana Kanji alituangalia sote wawili. Tukaondoka na kile kizito.

Upepo wa kukiendesha ulitoka kwenye tairi kuukuu la lori. Baba alilijaza kwa pampu ya kukanyaga, na mimi ndiye niliyekanyaga, kwa miguu miwili, huku nimeshika ukuta. Kutoka mdomo wa tairi ulitoka mpira mwembamba mpaka kwenye kibomba. Alikoroga rangi ikawa nyepesi kama maziwa, akaichuja kwa kitambaa, akajaribu juu ya mfuniko wa debe. Kile kibomba kilikuwa na neno moja tu. Ukikibonyeza kinatapika, ukikiachia kinanyamaza, na matone makubwa yalibaki mwishoni kama mate ya mtu mwenye kifua. Baba alijaribu kwa mbali, akajaribu kwa karibu. Mwishowe alichukua kipande cha bati chenye vichwa vya misumari alichopewa na Ochieng' cha kujaribia, akapuliza. Misumari yote ikafunikwa. Aliketi chini akakitazama.

Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Bila kuinua kichwa akasema, "Kirudishe. Yule Mhindi anapanda treni kesho."

"Nimrudie nimwambie nini? Kwamba nimechagua kama mtu anayenunua jembe?"

"Si ndivyo ulivyochagua?"

Baba akacheka, kidogo, kwa pua, akavaa kofia. Nilikuwa tayari nimesimama. Aliniangalia, akasema, "Haya, twende, wewe mwenye macho."

Tulimkuta Bwana Kanji amekaa juu ya sanduku, studio tupu, hata pazia limeshushwa. Baba alivua kofia akaeleza yote bila kuficha, na hapo nilijua ni mwanamume wa namna gani, kwa sababu wengi wangesema kibomba kimeharibika. Bwana Kanji akakitoa kile chepesi mfukoni mwa koti. Kilikuwa mfukoni, si kwenye sanduku.

"Mimi nilijua wewe tarudi," akasema. "Lakini ngoja. Hii ngumu. Kama mkono haiwezi, bora mimi nende nayo. Jaribu hapa, na maji."

Alikuwa na kitungi chake cha upepo ambacho hakijafungashwa. Akatia maji kwenye kikombe cha kibomba, tukatoka nje kwenye veranda ambako ukuta ulikuwa umepigwa na jua mchana kutwa. Baba akajaribu. Mkono wake ulizoea brashi pana, akavuta kidole kwa nguvu, na ukuta ukaota doa kubwa la maji. Akajaribu tena, doa jingine. Jasho lilimtoka. Bwana Kanji akatikisa kichwa, akanyoosha mkono akichukue chombo chake. Ndipo niliposema, "Baba, nipe mimi."

Sikusema mara ya pili. Alinipa.

Nilibonyeza kwanza nikasikia upepo peke yake, mkavu. Kisha nikakivuta kidole nyuma, kidogo kabisa, kama nilivyomwona akimfuta bibi harusi kovu, na nikatembea kando ya ukuta ule. Nyuma yangu ulibaki mstari mweusi wa maji, mwembamba kama uzi wa kushonea, kutoka nguzo hadi nguzo. Nilipogeuka mwanzo wake ulikuwa unakauka na kupotea, na mwisho wake bado mbichi. "Baba," nikasema, "upepo unatangulia. Rangi unaiita baadaye."

Bwana Kanji akapiga paja. "Arre! Toto hii iko na mkono! Peleka, peleka kabla mimi badilisha roho."

Baba alifanya mazoezi kwa maji kwenye ukuta wa landi, kila jioni akitoka kazini, majirani wakipita na kumwuliza kama anaosha ukuta kwa mate. Mimi nilimsahihisha. Ndiyo, nilimsahihisha baba yangu, na hakunipiga. Nilikuwa pia nimelala kifua juu ya tairi, nikisikia upepo unavyopungua, namwambia asimamishe kabla matone hayajaanza. Treni aliileta chumbani kwetu, tukaipaka alfajiri tu, kabla upepo wa ziwa haujaamka, sakafu tumeimwagia maji ili vumbi lilale. Injini tuliipa rangi ya damu ya mzee, safu juu ya safu, nyembamba, na kila msumari ulibaki na kichwa chake. Ule mstari wa manjano wa kuzunguka mabehewa Baba alinipa mimi. Mama alisimama mlangoni akizuia watu wasipite.

Siku ya maonyesho tulivaa nguo za kanisani. Watu walijaa kwenye banda, wakiinama kuchungulia madirisha. Mkubwa wa karakana alimwuliza Baba mbele ya kila mtu alikotoa chombo cha kazi safi kama ile. Baba angeweza kusema neno lolote, na wanaume wa siku hizo hawakuwa na desturi ya kuwataja mabinti mbele ya wakubwa. Alinishika bega akanisogeza mbele. "Mimi nilichagua kibaya," akasema. "Kizuri alikichagua huyu. Na mstari huo wa manjano ni wake." Baadaye Ochieng' akaanza kuniita Fundi Mkuu, na jina hilo lilinifuata landi nzima mpaka nilipoolewa.

Treni ile sijui ilikoishia. Landi zenyewe zimebomoka upande mmoja, na wenye kukumbuka karakana ilivyolia asubuhi tumebaki wachache. Watoto wa siku hizi huchagua kila kitu kwenye simu, kwa picha, kwa nyota zilizotolewa na mtu wasiyemjua. Mjukuu wangu Joyce ana chumba cha kupaka kucha rangi kule mtaa wa Rhonda. Juzi alikuja na vibomba viwili vya kupaka maua kwenye kucha, vidogo kuliko kile cha Bwana Kanji, vikiendeshwa na umeme, na mwenye duka alikuwa amempa hadi kesho yake arudishe kimoja. Akaanza kunisomea walichoandika kwenye boksi. Nikamwambia anyamaze, watu wazima wanachagua. Kisha nikasikia maneno ya Baba mdomoni mwangu, nikacheka peke yangu.

"Lete maji," nikasema.

Tulitoka nje kwenye ukuta wenye jua. Kidole changu kimepinda sasa, lakini kilijua njia. Kibomba cha kwanza kilitema. Cha pili nikakibonyeza, nikasikiliza upepo ukitangulia, nikavuta. Joyce aliinama kutazama uzi ule wa maji ukitembea ukutani, akapeleka simu usoni apige picha. Nilimshika mkono. Nikampa kibomba, nikasogea pembeni, na mstari wangu ulipokuwa unakauka, wa kwake ulikuwa unaanza.